Springi za Kiprono, Majani ya Mamake

"Gari haipendezi mpaka ishuke chini." Jirani yangu Kiprono aliandika hivyo hapa mtandaoni jana.

Haya, tuuone huo uzuri.

Springi alizikata mwenyewe kwa msumeno, nyuma ya zizi la mamake. Leo mchana, hiyo gari yake ya spoti, mtumba uliochoka, ikalalia tuta la murram, ile changarawe nyekundu, kwenye njia ya kituo tunakouzia majani ya chai. Tumbo chini, magurudumu yakizunguka bure.

Lori linalokuja kuchukua majani likakwama nyuma yake.

Tukaenda wanaume sita kuinua. Unajua alisema nini?

"Mzee, polepole, utakwaruza bampa!"

Saa tatu nzima.

Lori lilipofika kituoni, ambako magunia yalikuwa yakilingoja juani, karani alitia mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa haraka. "Mama, hii imechemka kwa kukaa, kiwanda hakiitaki. Mwaga."

Lilikuwa gunia la mamake Kiprono. Alichuna tangu alfajiri, na mgongo wake mbaya. Akayamwaga majani kando ya barabara.

Kiprono akapita hapo. Dirisha amefunga.

Nyinyi mliomwandikia "moto sana, bro": kesho saa kumi na mbili asubuhi mfike shambani kwake Merigi na vikapu. Mtamchunia huyo mama mpaka gunia lijae.