Fundi, Mama Mkwe na Kifuniko cha Sufuria

Saa kumi na robo alfajiri. Jikoni mna harufu ya kitunguu kinachoanza kubadilika rangi, na Fundi amesimama mbele ya kikaango akigeuza mapande ya nyama ya bega la ng'ombe, moja baada ya jingine. Hageuzi pande mpaka upande wa chini uwe umeiva rangi ya kahawia. Ukimharakisha, anakukumbusha kwamba yeye si zimamoto.

Nyama ikishapata rangi, anaipanga juu ya vitunguu vilivyokatwa mviringo ndani ya sufuria ya umeme ya lita saba, zile za kupikia polepole, ambazo ukiziwasha alfajiri usitegemee kula kabla ya mchana. Anatia vitunguu saumu, pilipili manga, chumvi, kijiko cha siki na vikombe viwili vya supu. Halafu anafunika, anazungusha kitufe hadi kwenye moto mdogo na kurudi nyuma hatua moja.

“Hapa kazi yangu imekwisha,” ananong'ona. “Iliyobaki ni kazi ya kutogusa. Na hiyo ndiyo ngumu.”

Kwenye kiti cha dirishani, mama mzazi wa mkewe anakohoa kidogo. Kikohozi hicho hakina uhusiano wowote na kifua.

Leo ni Ijumaa, na si Ijumaa ya mchezo. Saa saba kamili mchana, sandwichi thelathini za nyama na jibini zinatakiwa ziwe mezani kwenye kantini ya kiwanda cha nguo, kiwanda kilekile ambako mkewe anashona kola za mashati. Ni jaribio. Wafanyakazi wakizipenda, Fundi atapewa kazi ya kudumu. Wasipozipenda, atarudi kuuza zake kumi na tano kwa siku kupitia dirisha la sebuleni.

Lipo na jaribio la pili, ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Mama amesema wazi kwamba amekuja kusaidia mpaka Ijumaa tu, na baada ya hapo anarudi kwa binti yake mdogo. Kisa cha kuondoka kwake mara ya kwanza ni sufuria hiihii.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Fundi tu, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alichomelea mageti na madirisha ya chuma ya karibu nusu ya nyumba za hapa. Ukipita naye barabarani anakuonyesha kazi zake kama mtu anayewatambulisha watoto wake: lile geti la bluu, ile ngazi, zile nondo za duka la dawa.

Miaka miwili iliyopita macho yakagoma. Miali ya kuchomelea ilikuwa imeyala kidogo kidogo, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea mwaka mmoja zaidi, atakuwa anapapasa ukuta. Fundi akaweka vifaa chini, akarudi nyumbani na bandeji usoni.

“Mtu akiniuliza unafanya kazi gani, nilikuwa naanza na ‘zamani’,” anasema. “Zamani nilikuwa hivi, zamani nilikuwa vile. Nikajichukia. Nina miaka arobaini na sita, nitaishi kwenye zamani mpaka lini?”

Siku zile za bandeji, aliyekuja kumuuguza ni mama mkwe. Alilala kwenye kochi la sebuleni, akawa anamtia dawa ya macho kila baada ya saa nne kwa siku kumi na moja, na hakumuuliza hata mara moja atarudi lini kazini. Bandeji ilipotolewa akabaki, kwa kuwa wajukuu zake pacha walikuwa wamekwisha kumzoea na hakuna aliyetaka aondoke. Fundi anampenda mama huyu, na hafichi.

Sufuria ililetwa na mkewe. Msimamizi wake kiwandani alikuwa anahama, akamwachia. Kwa wiki tatu ilikaa juu ya kabati ikihifadhi vibanio vya nguo, mpaka siku Fundi alipochoka kukaa bure akaishusha. Alijaribu nyama, ikawa inachambuka kwa uma. Akaiweka ndani ya mkate wa mviringo, akafunika na kipande cha jibini, akaupasha mkate kikaangoni mpaka jibini ikayeyuka na kushika pande zote mbili.

“Nikasema ala! Huku si ndiko kuchomelea kwenyewe?” anacheka. “Jibini ndiyo inaunga. Tofauti ni kwamba hapa sihitaji miwani.”

Mke akapeleka mbili kazini. Kesho yake wenzake wakaagiza sita. Mambo yakaanza kunyooka.

Kisha kifuniko kikavunjika.

Kilikuwa cha kioo, na Mama ndiye aliyekiangusha alipokuwa akikifunua kuchungulia. Kwake yeye, aliyepika kwa miaka hamsini, sufuria isiyokorogwa kwa saa nane ni sufuria iliyotelekezwa. Fundi aliokota vipande vya kioo. Alichukua bati zito, akapima, akampelekea fundi mwenzake wa zamani amkatie na kuliwekea mshikio. Kifuniko kikatoka kizuri, kizito, kinafunga vizuri kuliko kile cha kwanza.

Kasoro ilikuwa moja: hakionyeshi ndani.

“Sasa mimi nitajuaje kama nyama ipo hai au imekufa?” anauliza Mama, bado kwa uchungu. “Sioni, sisikii, sikorogi. Basi nikawa nafunua kidogo tu.”

Kidogo tu ilikuwa kila saa. Na sufuria ya namna hii ukiifunua mara moja, joto linalotoka huchukua karibu nusu saa kurudi. Mchana ukifika nyama bado inavutana kama kamba ya kiatu. Wateja wawili wakarudisha sandwichi zao. Mmoja aliuliza kwa upole kama ng'ombe huyo alikuwa na cheo jeshini.

Hapo ndipo Fundi alipokwama. Mama mkwe haambiwi “acha”. Mkwe gani huyo anayemkaripia mama aliyemzaa mkewe, tena kwa ajili ya nyama? Alimtuma mke azungumze; mke akasema anaogopa zaidi yake. Akajaribu kuisemesha sufuria kwa sauti kubwa, “Wewe sufuria, ukifunuliwa unapoa wewe!” Mama akaitikia kutoka sebuleni, “Mwambie!” na saa moja baadaye akafunua.

Basi Fundi akafanya alichojua kufanya. Alikwenda kwa yule mwenzake, wakaunga vipete viwili, kimoja kwenye kifuniko na kingine kwenye fremu ya chuma waliyoizungushia sufuria. Akarudi nyumbani anapiga mluzi. Kesho yake, kabla ya kwenda kununua mikate, akapitisha kufuli.

“Nilifikiria joto tu,” anasema, na hapa hacheki. “Wallahi nilifikiria joto. Mageti miaka yote hiyo, kufuli kwangu ni kitu cha kawaida. Sikufikiria mtu.”

Mama aliamka, akaenda jikoni, akakuta nyama imefungwa kwa kufuli katika nyumba aliyobaki nayo peke yake.

Alikunja shuka zake, akaosha kikombe alichonywea chai, akapita shuleni kuwaaga pacha. Fundi aliporudi alikuta kochi tupu. Mkewe alipomtazama jioni ile, Fundi anasema, alitamani macho yake yawe bado na bandeji.

“Mimi nilishinda na njaa ujanani nikilea watoto wanne, sikuwahi kugusa cha mtu,” anaeleza Mama taratibu. “Nije nifungiwe nyama uzeeni? Na nani? Na yule niliyemfuta machozi kwa vidole hivi?”

Wiki mbili zikapita. Nyama iliiva vizuri kuliko wakati wowote, na Fundi anakiri kwamba hakuwahi kuiona chungu namna ile. Siku kantini ilipotuma habari ya jaribio, badala ya kufurahi alivaa shati lake jeupe, akamchukua mkewe, wakaenda kwa shemeji yake. Alikataa kiti. Akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, macho chini.

“Mama,” akasema, “nilikuwa nafungia joto. Sikukufungia wewe nyama. Nimekosa, na najua nimekosa.”

Mama akauliza, “Siku hizi joto ndilo linaloibiwa?”

Binti zake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, lakini alikubali kuja mpaka Ijumaa, kwa ajili ya ile oda na kwa ajili ya pacha. Kwa ajili ya Fundi, hakusema.

Kifuniko cha leo ni cha kioo. Fundi alizunguka maduka ya vyombo siku mbili nzima akiwa na kamba yenye fundo la kipimo, mpaka akapata kinachokaribia kutosha. Pengo lililobaki ameliziba kwa karatasi ya foili iliyokunjwa mara nne. Mvuke unakitia ukungu, ndiyo, ila Mama amegundua dawa yake. Anakigonga kwa ukucha, matone yanadondoka, na kwa muda mfupi dirisha linafunguka bila kufunuliwa chochote. Anagonga, anainama, anachungulia, anarudi kitini. Amefanya hivyo tangu alfajiri, na hapo katikati Fundi amekata mikate thelathini, ameipanga, ameipangua na kuipanga tena.

Saa sita kasoro dakika kumi mchana, Fundi ananawa mikono. Ule muda wa saa nane za kupika unakaribia kutimia. Anashika mshikio wa kifuniko.

“Bado,” anasema Mama.

Fundi anautazama ukuta wenye saa. “Mama, muda umefika.”

“Muda wako umefika, Baba Mapacha. Wa nyama bado. Nyama ikiiva inalegea, inakaa chini. Hii bado imepandisha mabega. Huyo ng'ombe alikuwa mtu mzima.”

Kuchambua nyama, kujaza, kuyeyusha jibini na kufunga sandwichi thelathini ni kazi ya saa nzima kwa mtu mmoja, na kiwandani ni dakika kumi kwa pikipiki ya jirani. Akingoja, anachelewa. Akifunua na ikawa ngumu, hairudiki. Fundi anafumba macho yake mabovu kama mtu anayesikilizia gari.

Anaachia mshikio.

“Utaniambia wewe, Mama,” anasema, na kuvuta kigoda karibu na kiti chake.

Wanakaa hivyo, mkwe na mama mkwe, wakiitazama sufuria. Saa sita na dakika ishirini Mama anagonga kioo, anainama, anatulia. “Funua.”

Nyama inachambuka kabla uma haujaingia sawasawa. Fundi anaguna tu. Kuanzia hapo ni mikono minne: yeye anachambua na kujaza, Mama analaza vipande vya jibini na kufunika kikaango, anahesabu kimoyomoyo, anatoa, anafunga kwenye foili. Mara mbili wanagongana viwiko, na mara ya pili Mama anamsukuma kwa nyonga kama anavyowasukuma mabinti zake.

Kantini nayo ina ukali wake. Msimamizi wa kantini, mwanamke mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, anampokea Fundi mlangoni na saa mkononi.

“Umechelewa dakika sita.”

“Nyama ilikuwa haijakubali, dada.”

“Na ikikataa kabisa siku moja, wafanyakazi wangu wale hadithi?”

Fundi anakabidhi sinia. Anasimama pembeni karibu na ndoo za maji, mikono nyuma, huku mkewe akijifanya hamjui kutoka meza ya tatu. Mshonaji wa kwanza anafungua foili. Jibini inavutika, anaikata kwa kidole, anajilamba. Wa pili anachovya ukingo wa mkate kwenye kikombe cha mchuzi wa nyama ulioletwa pamoja. Dakika kumi na tano baadaye sinia halina kitu, na mzee wa idara ya vifungo anazunguka akiuliza nani hataki yake.

Msimamizi mwenyewe amebakiza robo ya sandwichi yake, anaitafuna polepole, akimtazama Fundi.

“Hii nyama nani kaipika?”

“Mimi nimeiweka,” anajibu Fundi. “Aliyejua imeiva ni mama mkwe wangu.”

“Basi mwambie mama mkwe wako nataka sitini. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Na saa saba iwe saa saba.”

Fundi anarudi nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki inamsubiri. Anasema alitaka barabara iwe ndefu kidogo. Anamkuta Mama ameshaosha kila kitu na amekaa dirishani na kikombe cha chai. Anampa habari akiwa bado mlangoni, kuanzia dakika sita mpaka mzee wa vifungo. Mama anasikiliza bila kukatiza.

“Sitini,” anasema hatimaye. “Kwa sufuria moja?”

Mpango, anaeleza Fundi, ni kutafuta sufuria ya pili kabla ya Jumatatu, na baadaye meza ya chuma ya kufanyia kazi. Mbele zaidi anataka kibanda chake mwenyewe karibu na geti la kiwanda, chenye madirisha makubwa. Anazungumza haraka, anaonyesha kwa mikono ukubwa wa kila kitu. Kisha anakumbuka leo ni siku gani, na mikono yake inashuka.

Mama anaweka kikombe chini.

“Mimi siwezi kulea masufuria mawili huku nalala kwenye kochi,” anasema. “Mgongo wangu umechoka. Nitengenezeeni kitanda.”

Fundi anageukia ukuta haraka, kana kwamba kuna kitu anakitafuta huko.

“Futi tatu upana zinatosha, Mama?”

“Weka nne,” anasema Mama. “Hawa wajukuu zangu wanalala kwa kujitandaza.”