Siku Nilipokipeleka Kikapu Tudor

Miaka kumi na mitatu ya pikipiki haikunisaidia kitu. Iliniharibu. Siku ya kwanza niliyoshika tuktuk, mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukikanyaga sakafu kutafuta gia ambazo hazipo, kwa sababu gia za tuktuk ziko mkononi. Kila nikisimama, mguu uleule ulitoka nje kukiegemeza chombo kisianguke. Chombo cha magurudumu matatu kianguke vipi? Rafiki yangu wa Kaloleni, aliyekuwa akinifundisha asubuhi kule ufukweni Mama Ngina kabla watu hawajajaa, alinipiga konzi. "We bwana, rudisha mguu ndani! Gurudumu la nyuma litakutia kilema."

Kona ndizo zilizonivuruga zaidi. Pikipiki unailaza, nayo inakata. Mimi nililala upande kwa mazoea, tuktuk ikaenda moja kwa moja hadi ukingoni. Shimo nalo balaa: ukilikwepa kwa gurudumu la mbele, la nyuma linatumbukia, ukilipitisha katikati, la mbele linaliingia. Nilizoea kujiona fundi wa barabara. Nikawa narudi nyumbani nimenuna, sielewi chochote.

Tuktuk niliinunua kwa ajili ya mama. Alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia, na tangu hapo hakuwahi kwenda Tudor kumwona mdogo wake, ambaye maradhi ya ini yalikuwa yamemlaza. Katika ndugu zao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Madaktari walishasema mgonjwa akae nyumbani, na sote tulijua maana yake. Lakini kila nikimwambia mama twende, alikuwa na udhuru. Matatu ina ngazi ndefu. Pikipiki ndiyo kabisa. Nikitaka kumkodia tuktuk, alisema hapandi chombo cha mtu asiyemjua. "Nunua yako, ntapanda," akasema. Nikauza pikipiki. Nilipoileta tuktuk nyumbani Kuze, aliitazama kitambo, kisha akaniambia nijifunze kwanza. Nikajifunza wiki mbili.

Jumamosi moja baada ya alasiri akavaa buibui, akachukua kikapu chenye chupa ya uji, maana mgonjwa hazuriwi mikono mitupu. Nikampandisha pole pole, nikampa fimbo yake, tukaondoka. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya kwanza tulikabiliana uso kwa uso na mkokoteni wa maji, na vichochoro vya Kuze havina nafasi ya ubishi: mmoja lazima arudi nyuma. Pikipiki haina rivasi, unaisukuma tu kwa miguu. Sasa nilikuwa na mkono wa rivasi, nao ukakataa kuingia. Nikatoa kichwa nje upande wa kulia nitazame ukuta, nikavuta, injini ikazimika, nikawasha, nikavuta tena. Mwenye mkokoteni alikuwa akipiga kelele: "Rudi! Rudi! Basi!" Jasho likanitoka. Mwishowe akapita, nami nikachomoka kabla hajatokea mwingine.

Kwenye pikipiki humwoni abiria, lakini unamjua kwa mgongo. Akigeuka kutazama duka, unajua. Akiogopa, unajua kabla yeye mwenyewe hajajua. Ndani ya tuktuk mgongo wangu haukuniambia lolote, na kioo cha ndani nilikuwa nimekitega vibaya, kikawa kinanionyesha paa. Basi nikawa naongea. Makadara nilimwomba mama radhi kwa tuta. Buxton nikamwambia afunike pua, moshi ulikuwa mwingi. Hakujibu, nikadhani kelele za injini zinaimeza sauti yake, au amenuna. Nilipofika Tudor nikateremka kwa madaha yangu yote.

"Mama, tumefika salama, alhamdulillahi."

Kitini palikuwa na kikapu tu.

Nilitazama chini ya kiti. Mtu mzima na ndevu zangu, nilimtafuta mama yangu chini ya kiti. Halafu nikaanza kuzihesabu kona zote nilizopita, nikijiuliza ameangukia ipi.

Nilipoinua uso, mama mdogo alikuwa dirishani. Walikuwa wamemsogezea kitanda hapo, wamemfunga leso mpya ambayo haijaguswa na maji. Nikamsalimu. Alikitazama kiti cha nyuma, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza mama yuwapi.

"Nalijua hatakuya," akasema.

Nikasema narudi sasa hivi. Nikageuza chombo na kurudi nikikagua kila ukingo wa barabara, kila kundi la watu lililosimama. Sikumbuki kama mguu wangu ulitoka nje au haukutoka.

Nilimkuta mama kwenye baraza ya jirani, hatua chache kutoka pale nilipopigana na rivasi, amelaza fimbo mapajani. Nikapiga magoti, nikambusu mkono, nikamtaka radhi kwa kumsahau. Aliniacha niombe mpaka maneno yakaniishia.

"Hukunisahau," akasema. "Nalishuka mwenyewe, ulipokuwa umetoa kichwa nje."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilimkasirikia mama yangu mzazi pale pale nilipopiga magoti. Pikipiki yangu imekwenda, konzi nimekula, roho imenitoka barabara nzima, kumbe yeye amekaa barazani anapunga upepo!

"Kwa nini, mama?"

"Mamangu alipofariki, yule alikuwa hajajua kutembea. Nalimbeba mgongoni mimi. Nalimwosha mimi. Sasa wataka nende nikamwangalie akifa?"

Kumbe nyonga haikuwa neno, wala wenye tuktuk wasiojulikana. Nilikuwa nimeuza pikipiki kwa ajili ya udhuru. Sikujua nimwonee huruma au nimlaumu, na mpaka leo sijui. Nikamweleza tu nilichokiona: dirisha, leso mpya, na lile neno.

"Hakuniuliza hata uko wapi, mama."

Halafu akaninyooshea mkono nimsimamishe.

Safari hii nilikitengeneza kioo, nikawa namtazama yeye zaidi ya barabara, na sikukosa shimo hata moja.

Chumbani Tudor walishikana mikono. Mama mdogo alikuwa amekwisha, amebaki macho tu. Ndiye aliyeanza kusema.

"Mbona mwanao kaja peke yake kwanza? Hukutaka kuniona?"

Mama aliinua fimbo akaninyooshea mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni.

"Muulize huyu! Kaniacha Kuze, kaja na kikapu. Kazowea pikipiki, hajui mtu kapanda au hakupanda."

Mama mdogo akanigeuzia yale macho.

"Ni kweli, mwanangu? Ulimsahau mamako?"

Mama hakuniangalia. Alikuwa akiitazama fimbo yake.

"Kweli, mama mdogo," nikasema. "Nilimsahau."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mama akamwinua kifuani pake, akawa anampapasa mgongo huku akizidi kunisema.