Taji la Somapala

Majira yote ya baridi kuelekea 1972, wenzake wakitoka kwenda kula, Somapala alibaki karakanani Hockley, mtaa wa masonara wa Birmingham. Asubuhi alisugua pete za watu wengine. Mchana alifua taji lake mwenyewe la fedha, lenye vijani vyembamba vinavyotikisika mchezaji anapogeuka.

Mwezi wa Mei Ceylon, Sri Lanka ya leo, ingetangazwa jamhuri, na chama cha Waceylon wa Birmingham kilikodi ukumbi mtaani Perry Barr. Ngoma ya Kandy, mji wa kale wa milimani kisiwani humo, ambayo zamani ilichezwa mbele ya Buddha na miungu tu, sasa ilikuwa nembo ya taifa. Somapala alitaka kuicheza siku hiyo, amevaa taji lake. Ceylon yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Alizaliwa Unguja, mtoto wa sonara wa Kisinhala, kabila kubwa la Ceylon, akahamia Uingereza baada ya mapinduzi.

"Ukivaa hilo, bwana Soma, hata mkeo hatakujua," alimtania Kamlesh wa Nairobi, aliyefanya naye kazi meza moja.

"Afadhali. Akinijua ananituma sokoni."

Alilipeleka taji kwenye kamati. Mwenyekiti, Daktari Wijeratne, aliligeuzageuza mikononi. Taji hilo halivaliwi na yeyote tu: mara ya kwanza mchezaji hufungwa taji kichwani na mwalimu wake, kwa ibada.

"Nani alikufunga?"

"Baba."

"Katika hekalu gani?"

"Nyuma ya duka, daktari. Mbele ya picha ya Buddha."

Wajumbe walicheka. Mmoja akauliza, "Na ngoma walipiga Waswahili?"

Somapala alidhani anaulizwa kweli. "Ndiyo. Mzee Makungu, jirani yetu. Mapigo yote aliyajua."

Kicheko kilichukua muda kutulia.

"Ndugu yangu," daktari akasema kwa upole, "hii ni sura ya taifa. Taji tutalitumia. Kazi safi sana."

Siku ya sherehe lilivaliwa na mhasibu kijana kutoka London, aliyefungwa taji Kandy kwenyewe. Lilimpwaya, wakalijaza gazeti kwa ndani. Somapala alitazama akiwa kiti cha nyuma, karibu na makoti.

Wageni wa Kiingereza walitaka mchezo mwingine. Daktari akamfuata.

"Hebu tuchezee ile yenu ya Afrika."

"Siijui ya Afrika."

"Cheza yoyote. Hawatajua."

Alipanda jukwaani kichwa wazi, akacheza ngoma pekee aliyofundishwa: salamu kwa Buddha, ileile aliyotoka kuicheza mhasibu. Daktari alishika maikrofoni. "Mabibi na mabwana, ngoma ya asili ya Zanzibar!"

Mama mmoja wa Kisinhala alimgusa mwenzake. "Tazama, ameiona mara moja tu, tayari anatuiga."

Salamu hiyo ikishaanza haikatizwi. Somapala aliicheza mpaka mwisho, ukumbi mzima ukicheka na kupiga makofi ya kumhimiza, Waceylon wakiwazidi wageni.

Mwaka uliofuata wakamwalika tena, kwa ngoma ya Zanzibar. Alikwenda, akacheza salamu ileile.