Chafya Ina Kituo

Msimu wa maua, dereva wa basi letu la shule huegesha kando kila chafya inapomnyemelea. Huwasha taa za tahadhari, hupiga chafya ndani ya kitambaa, hufuta macho yake mekundu, ndipo huondoka. "Mjomba, kumbe chafya nayo ina kituo?" watoto humtania. Vidonge vya kuzuia chafya alivikataa. "Vinanipa usingizi, mwalimu." Mimi, ninayehubiri kila siku kuhusu kuwahi, nilimlazimisha ameze viwili. Asubuhi ile hatukuegesha hata mara moja, nikafurahi, mpaka nilipotazama kioo chake: macho yamefumba, na basi linakwenda. Nyuma mtoto akapiga chafya, na mguu wa dereva, kwa mazoea tu, ukakanyaga breki.