Chifu na Magurudumu Yake Manne

Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, gari kuukuu la chifu wetu lilianza kuvuma upande wa mbele tukitoka Kisii kwenda Nyaramba. Mimi nilikuwa nimepewa nafasi kiti cha nyuma. Barabara ilikuwa kavu. Dereva alisimama, akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akayazungusha na kuyatikisa. Beringi, zile gololi za ndani ya magurudumu, zilikuwa nzima.

"Bwana Chifu," alisema akitazama viatu vyake, "tukirudisha mkono huu mdogo kando ya gia, magurudumu ya mbele yataacha kuvuta na kelele itaisha. Manne ni ya matope."

Chifu aliufunika mkono ule kwa kiganja, kama mtu anayelinda sahani yake.

"Nilinunua gari la magurudumu manne. Unataka nivutwe na mawili kama lori la ndizi?"

"Hapana, Bwana Chifu."

"Basi kelele hii nikiisikia kesho, nitatafuta dereva mwingine."

Tukavuma hadi Nyaramba. Mimi niliyesomea fizikia chuo kikuu nilihesabu migomba dirishani. Wakubwa wetu hupenda gari litangaze cheo chao, na linapolalamika hufukuzwa dereva.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kumwamkia chifu, nikamwambia kwa heshima zote kwamba magurudumu manne huhitajiwa na machifu wenye barabara mbaya tu.

"Dereva!" akapaza sauti. "Yaondoe hayo manne upesi, kabla watu hawajasikia!"