Cherehani Iliyolia Bila Kushona

Habari za kifo cha Fundi zilinifikia sokoni Mtwara, asubuhi, kwa mwanamke muuza mihogo aliyekumbuka kwamba niliwahi kupanga nyumba moja na marehemu kule Chuno. "Fundi wenu ametutoka usiku," aliniambia huku akipanga mafungu yake. "Anazikwa leo baada ya alasiri. Ukienda sasa utawahi." Nilikwenda. Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala sikuwa na mazoea naye makubwa baada ya kuhama nyumba ile. Ninamwandika leo kwa sababu kila ninapotaja kujisomea katika safu hii, wasomaji huniuliza mtu afanyeje apate mahali pazuri pa kusomea nyumbani, nami huwajibu habari za meza, kiti na dirisha. Majibu hayo si ya uongo, lakini ni nusu. Nusu ya pili nilijifunza kwake.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, nami nilikuwa karani kijana katika ghala la korosho. Nyumba yetu ilikuwa ya kawaida ya Chuno: vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, jiko uani, na kuta ambazo hazikufika juu kwenye makuti, hivi kwamba mwenzako akipiga chafya chumba cha tatu ulimwombea afya ukiwa kitandani kwako. Nilikuwa nimeamua kujifunza uhasibu peke yangu, na nilianza kwa kuandaa mahali. Nilijitengenezea meza kwa mbao za makasha, nikaipima ilingane na viwiko vyangu nikiwa nimekaa. Niliiweka mwanga wa dirisha uniangukie kutoka kushoto, kivuli cha mkono kisifunike ninachoandika. Nilitafuta kiti chenye egemeo. Nilikaa, nikafungua kitabu, na kabla sijamaliza ukurasa jirani alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Kaka karani, naona umekaa tu. Hebu nishikie huyu nikachote maji."

"Sijakaa tu, dada. Nasoma."

"Ndiyo hivyo, umekaa," alisema, na mtoto akawa tayari yumo mikononi mwangu.

Haikuwa dharau. Katika nyumba ile mtu aliyeshika jembe, ungo au nyavu alikuwa kazini, na mtu aliyeshika kitabu alikuwa hana la kufanya. Kama aliyeshika kitabu ni karani, basi hapo hapo asomewe barua, aandike nyingine, ashike kamba ya kuanikia upande mmoja. Kukataa kungekuwa kujitenga, na neno hilo lilikuwa zito katika miaka ile. Nilijaribu kufunga mlango. Mwenye nyumba akaja kuuliza kama naumwa.

Fundi alikaa chumba cha mbele pamoja na mumewe, aliyekuwa kuli bandarini. Chumba hicho ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya saruji, na kwa sababu hiyo kikundi cha ushonaji cha kina mama wa mtaa kiliweka humo cherehani yake ya kukanyaga, maana kwenye sakafu ya udongo ilikuwa ikiyumba. Fundi ndiye aliyeshona, na mapato yaligawanywa. Kila asubuhi, akishapika na kufagia, tulisikia kanyagio likianza, kre-kre, kre-kre, hadi adhuhuri. Nilichokiona kwa wivu ni kwamba hakuna aliyemwita. Mwanamke aliyekuja kuomba chumvi alifika kwenye pazia, akasikia mlio, akageuka. "Mwacheni," walisema, "ana kazi za watu."

Shule zilipokaribia kufunguliwa, wazazi walileta kaki waliyoipata kwa kupanga foleni duka la ushirika. Siku zikapita. Asubuhi moja mama mmoja muuza vitumbua aliingia ukumbini akiwa ameongozana na mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo wa Mikindani ambaye naye alikuwa mshonaji tangu ujana wake. Cherehani ilikuwa inalia.

"Umesikia?" alisema mama wa vitumbua. "Inalia hivi kila siku, na kaptura ya mwanangu haina hata mfuko. Anashona nini humo, hema la jeshi?"

Mwenyekiti alimwonyesha kidole anyamaze, akainamisha kichwa kuelekea kwenye pazia. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, ng'ambo ya ukumbi. "Inatembea, haishoni," alisema polepole. "Sindano ikishuka kwenye kaki mlio huzama. Huu hauzami." Akafunua pazia.

Mkanda wa cherehani ulikuwa umevuliwa na kutundikwa msumarini. Miguu ya Fundi ilikuwa ikikanyaga, gurudumu la chini likizunguka bure. Juu, mahali pa kitambaa, palikuwa na kitabu cha hesabu cha darasa la saba, na ukurasa ulishikiliwa na kile kichuma kinachobana nguo chini ya sindano ili upepo wa dirishani usiupindue. Niliona pia kwamba mwanga ulimwangukia kutoka kushoto na viwiko vyake vililingana na meza. Yote niliyoyapima mimi kwa kamba, watengenezaji wa cherehani walikuwa wamekwisha kuyapima. Ila yeye alikuwa na kitu kimoja zaidi, mlio uliowaambia watu wasimwite.

Alikuwa ameishia darasa la nne alipoolewa. Sasa kila mtoto alitakiwa aende shule, walimu hawakutosha, na waliofaulu mtihani wa darasa la saba waliweza kuchukuliwa wafundishwe ualimu huku wakifundisha. Alikuwa ameandikishwa kuufanya kama mtahiniwa wa nje, na ofisini walikuwa wamemwambia wazi kwamba kwa umri wake asitegemee nafasi nyingine. Mtihani ulikuwa umekaribia. Lakini cherehani ilikuwa mali ya kikundi, na kikundi kilikuwa na kanuni: anayeitumia kwa mambo yake ananyang'anywa. Akinyang'anywa, angekosa fungu lake la mapato, na pia angekosa mahali pekee katika nyumba ile ambapo mtu aliweza kusoma.

Kina mama walikutana alasiri hiyo hiyo, juu ya jamvi, chumbani kwake. Sikualikwa, lakini nimekwisha kueleza habari za kuta zetu.

"Shoga, kwa nini hukutwambia?" aliuliza mwenyekiti.

"Mngenikatalia."

"Kweli, tungekukatalia," alisema mwenyekiti, na wengine wakacheka. "Basi kwa kutoomba hatukulaumu. Tunakulaumu kwa kaptura."

"Kaptura nitazimaliza."

"Utazimaliza lini, na wewe unakanyaga hewa?" Huyo alikuwa mama wa vitumbua.

"Kwani kwenye kisomo cha watu wazima haendi?" aliuliza mwingine, mke wa mwalimu kutoka bara. "Sisi wote tunasoma kule jioni, pamoja."

"Kule tunafundishwa kuandika majina yetu, dada," Fundi alijibu. "Mimi jina langu ninalijua. Nataka sehemu na desimali, na zile haziingii kichwani watu wakiniita."

Walibishana hadi jua likapungua. Mwishowe mwenyekiti alitoa uamuzi, na hakuna aliyeupinga kwa sauti. Kwanza Fundi arudishe mkanda na kushona kaptura zote, na wawili wamsaidie kutia vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Baada ya hapo, hadi siku ya mtihani, asubuhi ni zake na kitabu chake, na jioni ni za nguo. "Na asiitwe," alisema mwenyekiti. "Mwenye shida ya chumvi aje kwangu. Wewe mama, ukanyage au usikanyage ni hiari yako, sisi tumeshajua uko kazini. Ukifaulu, wa kwanza kuwafundisha desimali ni binti zetu." Mama wa vitumbua akasema kaptura ya mwanawe ndiyo ianze, na ikaanza.

Fundi alifaulu, akafundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu. Usione vyaelea, vimeundwa, na mara nyingi walioviunda ni wengi. Miaka ile tulizungumza sana juu ya kufanya kazi pamoja, nasi tulilielewa neno hilo kuwa kulima shamba moja na kujenga darasa moja, kila mmoja akimwona mwenzake. Kumwacha mtu mmoja akae peke yake na kitabu hatukukuhesabu kuwa kazi ya pamoja. Kina mama wale walikuhesabu, tena katika mtaa ambao kufunga mlango kulikuwa ugonjwa. Mimi baada ya siku ile nilikwenda kwa mwenye nyumba na jirani mwenye mtoto, nikawaomba saa moja kila jioni. Walinishangaa, wakanipa. Uhasibu niliujua kwa saa hiyo, na meza yangu ndipo ilipoanza kuwa meza.

Msibani, kina mama walikuwa wamejaa chumbani, na vitu vya humo vilikuwa vimehamishiwa ukumbini tulipokaa wanaume, kupisha majamvi. Cherehani ilikuwa imesimama ukutani, imefunikwa khanga. Kikundi kilimwachia kilipovunjika. Tulikuwa tunazungumza, kwa sauti ya watu wasioonana siku nyingi. Mzee mmoja mgeni, akitafuta pa kupumzisha mguu, aliuweka kwenye kanyagio, nalo likaenda, kre-kre. Watu wa nyumbani kwa marehemu, wakubwa kwa watoto, walishusha sauti zao wote kwa pamoja, kisha wakatazamana.

Kwa hiyo, msomaji unayeuliza, nitakuelekeza urefu wa meza na upande wa dirisha. Lakini kabla hujapima ubao, nenda kwanza ukawaombe unaoishi nao wasikuite.