Matata wa ndani ya kopo

Soudi ni seremala wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ambako watu wa Kasuku, mtaa wa upande wa pili, huja wakiwa na shida tu. Anatengeneza vitanda na milango. Wakati wa vita alitengeneza majeneza zaidi, na ni katika miaka hiyo alianza kuchonga wachezaji.

Njia zote zilikuwa zimefungwa. Treni haikuja, mashambani hapakuendeka, na timu ya mtaa wetu, Mamba ya Alunguli, ilikuwa imetawanyika. Soudi aliipenda Mamba kuliko sisi wote. Jeneza likikamilika, vipande vya mbao vilibaki chini, naye akavichonga kuwa watu wadogo wa urefu wa kiganja. Kila mmoja alimvalisha nguo ya kijani iliyokatwa katika jezi kuukuu ya mchezaji mwenyewe. Alikwenda nyumbani kwao, akabisha, akaomba kipande kilichochakaa, akakishona. Asipopata kitambaa, hakuchonga. Watoto waliwapanga wachezaji hao juu ya mkeka na kucheza mechi ambazo uwanjani hazikuwezekana.

Nyuso hakuziweka. Mama yake, Hadidja, mtu wa swala tano, alimwambia asiupe mti macho kama hawezi kuupa roho. Kwa hiyo tuliwatambua wachezaji kwa namna walivyosimama. Matata, mshambuliaji, bega lake moja lilishuka, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Chini ya mguu wa kushoto wa kila sanamu Soudi alitoboa tundu dogo kwa msumari wa moto. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake.

Kisha watu wenye bunduki wakamkamata Matata njiani pamoja na vijana wengine, wawabebee mizigo kuelekea mahali paitwapo Kama. Hakurudi. Hakuna aliyeleta mwili, wala aliyejua kaburi liko wapi. Mama yake, Scholastique, alikuwa amekwisha kubadilisha nguo za kijana kwa muhogo, akidhani akirudi watanunua nyingine. Kilichobaki ni kile kipande cha jezi kwenye sanamu. Soudi alimpelekea, akamwahidi kwamba hatachonga Matata mwingine. Mama alimweka ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko kigumu, ili harufu ya mwanawe isitoke. Alilifungua mara chache, akanusa, akalifunga upesi.

Vita vilipotulia na watu wakaanza kununua sanamu, mwenyekiti wa Mamba alikuja karakanani na kuuliza ni nani aliyemruhusu Soudi kuuza rangi za timu. Soudi alijibu kwamba hakuna, ila kila anayechukua sanamu anajua ni mkono wa Soudi, si wa timu, na anajua kitambaa kimetoka kwa nani. Mwenyekiti alikuna kichwa, akaagiza golikipa, akaenda zake.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka jana Soudi alivuka kwenda Kasuku kutafuta misumari, akaona Mamba nzima imepangwa kwenye meza ya Florentin, mfanyabiashara wa vitu vya kila namna. Mbao zilikuwa mbichi, zimetiwa weusi kwa moshi. Chini ya miguu kulikuwa na tundu. Na katikati yao walisimama akina Matata, kundi zima, wote bega limeshuka.

"Hii njo kazi ya nani?" akauliza, maana kwetu "ndiyo" husemwa "njo".

"Yako, yaya Soudi. Tazama muguu," Florentin akajibu, akimwita yaya kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

"Mimi sikuitengeneza."

Florentin hakuona haya. Alisema kuna watu wa mbali wanaokusanya vitu vya watoto wa wakati wa vita, nao wanataka vya Soudi, kwa hiyo amewapa vya Soudi. Sanamu za zamani alizozipata zilikwisha kupanda ndege. Kisha akapaza sauti ili majirani wasikie: "Weye uliomba Mamba ruhusa? Uliiga bantu, mimi ninaiga miti. Mwizi njo nani hapo?"

Wanawake waliouza samaki wa moshi wakacheka. Mmoja akasema, "Papa Soudi, muntu mwenyewe hana hata uso. Utamutambua namna gani?"

Soudi hawezi kusema mbele ya watu. Alitoa neno moja tu: "Mimi sikudanganya muntu."

"Enda na hiyo sokoni," Florentin akamjibu, "uone kama batakupa chumvi."

Alipouliza mfano wa Matata ulitoka wapi, akaambiwa Mama Scholastique aliwaazimisha sanamu yake, wakaipiga picha, wakamrudishia. Soudi alirudi bila misumari. Alijaribu kushtaki. Ofisini wakamwomba karatasi ya Mamba inayompa haki ya kuchonga. Hakuwa nayo. Wakamwambia mwizi hashtaki mwizi.

Siku chache baadaye Mama Scholastique alimwita. Macho yake sasa yameingia ukungu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kopo mapajani. Alisema tangu Florentin amrudishe, mtoto ananuka moshi. Mwanzoni alidhani ni pua yake inayozeeka. Halafu akasikia habari za sokoni.

Akamtoa, akampa Soudi.

Soudi aliniambia kwamba hakuhitaji hata kumgeuza. Bega lilishuka, lakini huyu hakusikiliza chochote. Kitambaa kilikuwa cha pazia jipya, kimechovywa katika chai ili kizeeke. Hata hivyo alimgeuza: tundu la mguuni halikuwa na alama ya kuungua. Matata wa kweli, na jasho lake, alikuwa kwenye kabati la mtu asiyemjua.

"Banasema kuko Matata mingi," mama akasema. "Bengine banaweza kunidanganya. Njo maana nilikuita weye. Huyu njo wangu?"

Nje mtu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Soudi akamnyooshea sanamu.

"Njo yeye, Mama," akasema. "Moshi ni wa jikoni yako."

Mama alimpokea kwa mikono miwili, akamrudisha ndani, akakandamiza kifuniko. "Basi ni pua," akasema. "Aksanti, mutoto wangu."

Tangu siku ile Soudi hachongi tena. Anatengeneza vitanda na milango. Kwa Florentin hakurudi kugombana, angemwambia nini? Lile neno moja alilokuwa nalo, kwamba hakudanganya mtu, aliliacha juu ya mkeka wa Mama Scholastique.

Baiskeli ninazitengenezea kando ya karakana yake, kwa hiyo ninaona. Watu wanavuka mto na sanamu mkononi, wengine wamezifunga katika leso safi, wanataka kujua kama kweli ni za mkono wake, za miaka ile. Zamani angegeuza mguu, akatafuta alama ya moto. Sasa hata haachi randa. Anasema ndiyo, nao wanaondoka wamefurahi.